Mshono Unaniuma, Lakini Naogopa Dawa Itaingia Kwenye Maziwa

Mshauri wangu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Wa kwanza nilimzaa kwa njia ya kawaida, na huyu wa pili nimejifungua kwa upasuaji siku 9 zilizopita, baada ya uchungu kukaa muda mrefu bila njia kufunguka na mapigo ya moyo wa mtoto kuanza kushuka. Namshukuru Mungu, mtoto ni mzima na ananyonya vizuri. Kinachonisumbua ni maumivu, na zaidi ya hayo, kutojua kama ninakosea kuyavumilia au ningekosea kuyatibu.

Siku 3 nilizokaa wodini sikuumia kiasi cha kutisha. Wauguzi walikuwa wakipita na dawa, nami nikimeza bila kuuliza. Siku ya kuruhusiwa nilipewa bahasha mbili za vidonge: moja ya parasetamoli za miligramu 500, nimeze 2 mara 4 kwa siku, na nyingine ya ibuprofeni za miligramu 400, kimoja mara 3 kwa siku baada ya chakula, zote kwa siku 7. Hakuna aliyenieleza zaidi ya hapo. Nilipofika nyumbani nilijiona nina nafuu, na mama mkwe wangu, ambaye namheshimu na ambaye amekuja kunihudumia kwa moyo mmoja, akaniambia kwamba kila ninachomeza mtoto anakinyonya, na kwamba yeye alizaa watoto 6 bila kidonge hata kimoja. Niliona aibu. Nikaziweka bahasha juu ya kabati, nikawa nameza kidonge kimoja tu pale ninaposhindwa kabisa kuvumilia.

Tangu hapo usiku umekuwa mrefu. Juzi saa 9 usiku mtoto alilia, nami nikajaribu kuinuka kama nilivyozoea, kwa kukunja tumbo. Nilihisi kama mshono unapasuka. Nilishika ukingo wa kitanda kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono wa pili, nikabaki katikati, siwezi kukaa wala kurudi kulala, huku mtoto akilia hatua moja kutoka nilipo, mpaka mama mkwe alipoamka chumba cha pili akaja kumchukua. Nililia kuliko mtoto.

Nikikohoa naumia, nikicheka naumia. Upande wa kulia wa mshono unauma kuliko wa kushoto. Mtoto akianza kunyonya, tumbo la chini linakaza kana kwamba uchungu unaanza upya, jambo ambalo kwa mtoto wa kwanza sikulisikia kiasi hiki. Ngozi ya juu ya mshono imekufa ganzi. Nikiigusa ni kama nagusa ngozi ya mtu mwingine. Choo ni kigumu na naogopa kujikamua. Sina homa, na mshono ni mkavu. Dada yangu amenipa vidonge vya kodeini alivyobakiza alipong'olewa jino, akasema hivyo ndivyo vyenye nguvu. Je, nivimeze? Je, dawa nilizopewa hospitali kweli zinamdhuru mtoto? Na maumivu haya yataisha lini?

Mama wa Watoto Wawili

*

Marahaba, mwanangu. Pole, na hongera.

Nianze na kodeini, kwa sababu jibu lake halipaswi kusubiri: usivimeze vidonge hivyo, mrudishie dada yako leo. Kodeini ikifika kwenye ini hubadilika kuwa mofini, dawa kali ya maumivu, na kuna watu ambao maini yao, kwa jinsi walivyozaliwa, huibadilisha kwa kasi kubwa mno bila wao wenyewe kujua. Mama wa namna hiyo akimeza kipimo cha kawaida, mofini hujaa katika damu yake na kuingia kwenye maziwa, na mtoto mchanga anayeyanyonya huweza kulala usingizi usio wa kawaida, akakosa nguvu ya kunyonya, na hatimaye pumzi yake ikalegea. Kwa sababu hiyo mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya mama wanaonyonyesha wasitumie kodeini wala tramadoli. Dada yako ametoa alichonacho kwa upendo, na wala hana kosa, ila dawa iliyomfaa mtu aliyeng'olewa jino haiwi salama kwa mama mwenye mtoto wa siku 9 kifuani.

Zile ulizoziweka juu ya kabati ni jambo jingine kabisa, na hapa nataka unisikilize kwa makini, kwa kuwa hofu yako imeelekezwa kwenye dawa zisizostahili kuogopwa. Ni kweli kwamba karibu kila dawa anayomeza mama huingia kwenye maziwa kwa kiasi fulani, na mama mkwe wako hakutunga. Lakini swali la maana ni kiasi gani. Ibuprofeni inayopita kwenye maziwa ni kidogo sana, chini ya asilimia 1 ya kipimo cha mama ukilinganisha kwa uzito. Parasetamoli hupita zaidi kidogo, na bado kinachomfikia mtoto ni pungufu ya kile ambacho daktari angempa mtoto huyohuyo kwa kijiko endapo angekuwa na homa. Dawa hizi mbili ndizo zinazochaguliwa kwanza kwa mama anayenyonyesha, na aliyekuandikia alijua kwamba unanyonyesha.

Sasa tuje kwenye kilichokupata ulipofika nyumbani, kwa sababu nimekiona kwa mama wengi na huwa kinaniuma kila mara, maana kingeweza kuzuiwa kwa maelezo ya dakika tano tu kabla mama hajaruhusiwa. Wodini ulikuwa na nafuu kwa sababu ulikuwa ukipewa dawa kwa saa. Pengine hata sindano ya ganzi uliyochomwa mgongoni ilichanganywa na mofini kidogo, kama inavyofanyika mara nyingi, na hiyo peke yake huweza kupunguza maumivu kwa muda unaokaribia saa 24 baada ya upasuaji. Ulipojiona unaweza kutembea na kuongea, ulidhani umepona, ukaacha dawa. Kumbe maumivu hayakuwa yamekwisha, yalikuwa yamefunikwa. Ulipoliondoa funiko siku ya tatu au ya nne, wakati sehemu iliyokatwa bado ina uvimbe, yakarudi yote kwa pamoja.

Tena yakumbuke yaliyofanyika tumboni mwako. Daktari alikata ngozi, kwa kawaida mstari wa sentimita 10 hadi 15, akapita kwenye mafuta yaliyo chini yake, akakata utando mgumu unaoshikilia misuli ya tumbo, akaitenga misuli yenyewe huku na huku, akafungua utando wa ndani na kisha mfuko wa uzazi. Alipomaliza kumtoa mtoto alianza safari ya kurudi, akishona. Huo ni upasuaji mkubwa. Mtu mwingine yeyote aliyefunguliwa tumbo namna hiyo huambiwa alale apumzike. Ila mama aliyejifungua huambiwa aamke usiku mara nne na kumbeba mtu.

Kwa hiyo ninachokuomba ni hiki: meza dawa kwa saa, usingoje maumivu. Maumivu yakishapanda, kidonge kimoja hakiyashushi, na unaishia kuamini kwamba dawa ni dhaifu ilhali iliitwa ikiwa imechelewa. Parasetamoli 2 za miligramu 500 kila baada ya saa 6 zinaingia vizuri kwenye siku: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku. Hiyo ni gramu 4 kwa saa 24, na ndio ukomo kwa mtu mzima mwenye ini zima na uzito wa kilo 50 au zaidi; usivuke hapo, na usimeze dawa ya mafua bila kusoma karatasi yake, kwa kuwa nyingi zina parasetamoli ndani. Ibuprofeni imeze kama ulivyoandikiwa, kimoja kila baada ya saa 8, tumbo likiwa na chakula. Zinafanya kazi kwa njia tofauti, ndiyo maana zikitumiwa pamoja hutuliza kuliko kila moja ikiwa peke yake, na hakuna ubaya wa kuzimeza siku hiyohiyo au hata kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, kabla ya kuirudia ibuprofeni mpigie simu au mwone mkunga au daktari ikiwa umewahi kuwa na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo, au ikiwa ulikuwa na shinikizo la damu katika mimba hii. Usiichanganye na diklofenaki, kwa sababu hizo ni ndugu na madhara yake hujumlishana. Kwa kuwa zimepita siku kadhaa bila kufuata dawa, na maumivu yako bado ni makali, ningependa uonwe kliniki kesho au keshokutwa hata kama huna homa, ili mshono uangaliwe na waliokuandikia waamue uendelee kwa siku ngapi. Mama wengi hadi mwisho wa wiki ya 2 huwa wanahitaji kidonge mara moja moja tu. Ukifika mahali unaamka na kutembea bila kujishika, acha ibuprofeni kwanza, kisha uanze kupunguza parasetamoli.

Saa 9 ile ya usiku, hata dawa ingekuwepo, bado ungeumia kwa jinsi ulivyoinuka. Ukiwa chali ukikunja tumbo kuamka, unaivuta misuli iliyo nyuma ya mshono kwa nguvu zake zote. Fanya hivi badala yake, na ujifunze mchana ili usiku mwili uwe umezoea: kunja magoti nyayo zikiwa zimekanyaga godoro, geuka ubavu mzima, mabega na nyonga vikienda pamoja kama gogo linavyoviringika, kisha teremsha miguu nje ya kitanda huku ukisukuma godoro kwa kiwiko cha chini na kiganja cha mkono wa juu. Uzito wa miguu inayoshuka ndio utakaokuinua. Ukishakaa, tulia kidogo, vuta pumzi, ndipo usimame. Wakati wa kulala, fuata njia hiyohiyo kwa kurudi nyuma.

Weka na mto mdogo karibu yako. Kikohozi, chafya au kicheko kikija, ukandamize mto kwenye mshono kwa mikono miwili kabla hakijatoka. Usizuie kikohozi kwa kuogopa maumivu. Mama anayeogopa kupumua kwa kina hukusanya makohozi kifuani, na hapo ndipo kichomi hupata nafasi. Vivyo hivyo kutembea. Mama anayeumia hulala, na mama anayelala muda mrefu yumo katika hatari zaidi ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, hatari ambayo katika wiki 6 za kwanza baada ya kujifungua tayari iko juu kuliko kawaida. Ndiyo maana sikubali kuziita dawa za maumivu anasa. Ni sehemu ya matibabu ya upasuaji, kama nyuzi zenyewe, kwa kuwa ndizo zinazokuwezesha kupumua, kutembea na kumpakata mtoto.

Kukaza kwa tumbo wakati wa kunyonyesha ni chango. Mtoto akinyonya, mwili hutoa homoni inayoyashusha maziwa, na homoni hiyohiyo huufinya mfuko wa uzazi ili urudi katika ukubwa wake na damu ipungue. Huuma zaidi kwa uzao wa pili na kuendelea, ndiyo sababu kwa mtoto wa kwanza hukulisikia hivi, na kwa kawaida hutulia baada ya siku chache. Ikiwa kidonge kimekaribia saa yake, kimeze kama nusu saa kabla ya kunyonyesha. Mtoto naye usimlaze juu ya mshono: mpitishe ubavuni mwako, chini ya kwapa, kichwa chake kikiwa kwenye kiganja chako na miguu ikielekea mgongoni, mto ukiwa umembeba, au mnyonyeshe ukiwa umelala ubavu, kisha umrudishe mahali pake pa kulala kabla usingizi haujakuchukua.

Upande mmoja kuuma kuliko mwingine huwapata wengi, kwa kuwa nyuzi hufungwa kwenye pembe za mshono, na kila mtu ana upande anaouegemea anapoinuka. Hata hivyo muonyeshe mkunga mahali penyewe. Kuhusu ganzi ya ngozi, vineva vidogo vilikatwa pamoja nayo, navyo huota taratibu kwa miezi mingi, na katika safari hiyo utasikia kuwashwa na vichomi vifupi kama vya sindano. Kwa mama wengine kipande kidogo hubaki na ganzi. Ila usiweke kitu cha moto sana hapo, kwa maana ngozi isiyohisi huungua bila mwenyewe kujua.

Choo usikipuuze. Kukosa kutembea hukifanya kigumu, vidonge vya kuongeza damu huzidisha, na kujikamua kunauvuta mshono. Kunywa maji ya kutosha, kula matunda, mboga na nafaka zisizokobolewa, na ukikaa chooni weka miguu juu ya kitu kifupi ili magoti yapande. Ikishindikana, omba dawa ya kulainisha choo kama laktulosi, ambayo haina tatizo kwa anayenyonyesha.

Yapo maumivu ambayo hayatakiwi kufunikwa kwa kidonge. Maumivu ya kupona hupungua siku hadi siku, hata kama ni kwa kiasi kidogo. Yanayoongezeka baada ya kuwa yamepungua yanakudai uende hospitali siku hiyohiyo. Nenda pia ukipata joto la nyuzi 38 au zaidi, mshono ukiwa mwekundu, ukivimba, ukitoa usaha au ukifunguka, uchafu wa uzazi ukinuka vibaya, au mkojo ukikataa kutoka. Usingoje kukuche damu ikijaza pedi ndani ya saa moja, mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, pumzi ikikatika au kifua kikibana. Kichwa kinachouma sana pamoja na macho kuona ukungu au maumivu juu ya tumbo, chini ya mbavu, huenda ni shinikizo la damu, ambalo linaweza kuibuka hata baada ya mtoto kuzaliwa. Kile kinachouma ukikaa na kutulia ukilala huenda kimetokana na sindano ya mgongo, na kina tiba yake. Na machozi yale ya usiku, yakiendelea hata maumivu yakipungua, au ukijikuta huna hamu ya chochote au unawaza kujidhuru, yaseme kwa mkunga waziwazi kama unavyousema mshono.

Umeuliza yataisha lini. Makali yake yanapaswa kukatika katika wiki hizi mbili, na uzito wa tumbo la chini unaweza kuendelea mpaka wiki ya 6, muda ambao usibebe kitu kizito kuliko mtoto wako, hata huyo mkubwa akilia abebwe. Kaa chini, aje mapajani. Ukifika mwezi wa 3 na bado mshono unauma, rudi, usikubali kuambiwa ni kawaida.

Kuhusu mama mkwe, usimpinge wala usijifiche kumeza. Mwambie kwa heshima: "Mama, wewe ulizaa kwa njia nyingine, mimi nimepasuliwa; dawa hizi nimeandikiwa na wanajua ninanyonyesha. Naomba twende wote kliniki uwasikie." Mtu aliyeamka saa 9 usiku kumchukua mjukuu wake anataka upone. Mpe kazi anayoiweza: akupokee mtoto unapogeuka ubavu, akuletee chakula kabla ya ibuprofeni, akukumbushe saa.

Leo zishushe bahasha kutoka juu ya kabati. Usiku, kabla hujalala, weka kando ya kitanda parasetamoli za saa 6 na glasi ya maji, mto wako mdogo, nepi na nguo ya mtoto ya kubadilisha, vyote mahali ambapo mkono unafika bila tumbo kujikunja, na kitanda cha mtoto kisogezwe upande ule unaogeukia unapoamka.